Mgongo Uliojitolea kwa Manukato

Majirani walimwita Mama Kimya, kwa kuwa hakuwahi kunyamaza. Alikuwa fundi cherehani, na ngozi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa ngumu kuliko turubai. Sabuni kali, dawa ya mbu, maneno ya mawifi: hakuna kilichowahi kumtoa hata kipele. Basi aliposikia maabara ya manukato inatafuta watu wa kujitolea, akaona hatimaye sayansi imemkumbuka.

Daktari wa ngozi, kijana mpole, alimweleza yote. Angebandikwa mgongoni plasta zenye viungo vya manukato, tena na tena, palepale. Kisha angepumzika, halafu abandikwe mahali papya, waone kama mwili umejifunza kuvikataa.

"Na ukitaka kuacha, mama, unaacha siku yoyote."

"Mwanangu, mimi nina mume. Kuacha ningekuwa najua, ningeanzia huko."

Masharti yalikuwa mepesi: asilowanishe mgongo, asijikune, asitoke jasho. Kwa mtu anayekanyaga cherehani chini ya bati la moto, hilo la jasho lilikuwa jambo dogo kabisa. Nyumbani akawa malkia. Mumewe akafua, akadeki, na usiku akalala ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

"Usiniguse," mkewe alimwambia. "Mimi ni utafiti."

Wifi yake, mwenye duka la manukato, alicheka hadi akakaa chini. "Wenzako hujipulizia shingoni, wewe unaficha mgongoni chini ya plasta. Anayenukia nani, godoro?"

Baada ya zile plasta za mwisho, za mahali papya, mgongo ulianza kuwasha. Mama Kimya, kwa mara ya kwanza maishani, akanyamaza. Alimsingizia kunguni. Lakini daktari alipobandua plasta moja, chini yake palikuwa pekundu, pamevimba, pana malengelenge. Uso wa kijana ukang'aa kama aliyeona mwezi umeandama. Akawaita wenzake, wakapima kwa rula, wakapiga picha.

"Umetusaidia sana, mama."

"Nimesaidia nini? Si nimeshindwa?"

"Bila wewe, haya yangewatokea watu wengi shingoni. Kiungo hiki hakiendi sokoni kwa kipimo hiki." Akampa dawa ya kupaka, kisha akapunguza sauti. "Ila ngozi yako haitakisahau. Na kiungo hiki kina ndugu zake kwenye sabuni na losheni."

Haya aliambiwa tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alikuwa na shughuli ya kujisifu.

Uvimbe ulipokwisha, alimfuata wifi yake dukani, amejiandaa kuchekwa. Wifi alimtazama, akavaa miwani. Akaanza kusoma maandishi madogo ya chupa moja baada ya nyingine, akitafuta jina ambalo daktari aliandika kwenye kikaratasi na ambalo hakuna kati yao aliyeweza kulitamka.

"Hii je?"

"Hiyo utavimba."

"Na ile ya buluu?"

"Ile itakuzika, wifi, ila utazikwa unanukia."

Wakacheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaamua kurudi kesho.