Ukuta wa Bibi Redio

Mke wangu husema alikuja kwetu kuokoa roho, akaishia kuolewa na mvunja kokoto. Husema hivyo mbele ya wageni huku akinimiminia chai, nami humjibu kwamba hata yangu ni roho. Tumezeeka na utani huo. Lakini nikikaa peke yangu barazani, ninayemkumbuka ni yule msichana wa kwaya aliyeshuka kwenye lori la kanisa na viatu vyeupe, katika mtaa ambao vumbi la machimbo liliingia mpaka kwenye uji. Tulimcheka, Mungu atusamehe.

Baba alivunja mawe, mama alivunja mawe, nami nikavunja. Vijana wa kanisa walitoka mjini wakati wa likizo waje kutuhubiria, wawafundishe watoto nyimbo, na wamjengee nyumba mjane mmoja ambaye kibanda chake cha udongo kilikuwa kimeinama kama mlevi. Mjane huyo tulimwita Bibi Redio, maana hapakuwa na habari mtaani isiyopitia kinywani mwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuliwapokea kwa moyo mweupe kabisa.

Msichana alipangiwa kulala kwetu, chumba kimoja na bibi yangu mzaa baba. Miguu ya bibi ilikuwa imekufa ganzi siku nyingi. Kila asubuhi tulimbeba tukamkalisha mlangoni, na mbele yake, ng'ambo ya uwanja mdogo, ulikuwa mlango wa Bibi Redio, ambaye naye magoti yalikuwa yamemgomea. Wakakaa hivyo kutwa, kila mmoja kizingitini kwake, wakiteta, wakigombana, wakipatana, wakiteta tena. Sijapata kuona ndoa iliyonoga vile, na yangu naihesabu humo humo.

Kibanda kikabomolewa, Bibi Redio akahifadhiwa kwa mpwa wake, nyumba ikapanda pale pale. Ya tofali, ya bati, imepigwa lipu. Kiongozi wa vijana, mtu mwema mwenye filimbi shingoni, alitaka mlango utazame barabarani ili kila apitaye aione kazi ya Bwana. Hakumwuliza mtu. Upande wa uwanjani ukawa ukuta mtupu.

Bibi Redio akashukuru, akahamia, akaketi mlangoni kwake kutazama malori ya mawe. Kuzunguka mpaka kwetu kulitaka kuvuka mtaro, na magoti yale hayakuvuka hata kijiti. Mara moja moja tulimbeba, lakini sisi wenye mgongo tulikuwa machimboni tangu alfajiri. Hakuna aliyelalamika. Mtu amekujengea nyumba bure, utaanzaje kumwambia ameigeuza?

Bibi yangu akaacha kula. Mama alimpikia hiki, akampikia kile, bibi akageuza uso. Alichotaka ni kukalishwa mlangoni tu, kama zamani. Asubuhi moja, tulipobaki nyumbani kusaidia maandalizi ya uzinduzi wa nyumba, msichana alikuwa akimfuta uso, akamwuliza taratibu.

"Bibi, unatazama nini?"

"Ukuta wenu, mjukuu wangu. Ni mzuri. Umenyooka."

Msichana akaweka kitambaa chini, akaenda kwa kiongozi. Nilikuwa karibu nachota mchanga, nikasikia yote. Aliomba mlango uhamishwe. Kiongozi akasema mchungaji mkuu anakuja kesho kuzindua nyumba, na matofali yale yametokana na sadaka za watu. Asante ya punda ni mateke, akasema. Kisha akamwonya: akiugusa ukuta ule, atarudi mjini siku hiyo hiyo na kwaya aisahau. Sikujua wakati ule kwamba kwaya ndiyo iliyokuwa maisha yake, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa sauti yao ya kwanza.

Alirudi kwetu macho yamemwiva, akamwomba baba nyundo na tindo la kutobolea mawe. Baba aliitazama mikono yake laini, akampa. Akamwonyesha aanzie chini ya mkanda wa zege, ukuta usije ukamwangukia.

Alipiga vibaya. Alishika nyundo kama anayeua mbu, na mimi nilicheka mpaka nikaona haya, nikachukua nyundo yangu nikasimama kando yake. Kiongozi akaja mbio akipuliza filimbi. Alipuliza, sisi tukagonga. Wale vijana wengine walisimama uwanjani, hawajui wafuate lipi.

Tofali la kwanza likaangukia ndani, kisha la pili. Vumbi lilipotulia, tukamwona Bibi Redio. Kumbe alisikia kishindo, akageuza kigoda chake, akawa anangoja ameutazama ukuta. Bibi yangu akainua kichwa. Walitazamana muda, mpaka kiongozi mwenyewe akaitoa filimbi mdomoni.

"Umekonda," akasema Bibi Redio.

"Na wewe umenyamaza. Huna habari?"

"Ninazo. Zimenijaa hadi kooni."

"Basi anza na za mpwa wako," akasema bibi, na bila kuondoa macho kwenye tundu lile akamwita mama amletee chakula.

Jioni ile lori lilimrudisha msichana mjini kabla ya wenzake, na kwaya ikamfuta kweli. Kesho yake mchungaji mkuu aliizindua nyumba ikiwa na tundu, na baba akalitia fremu ya mlango. Mimi ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kumfuata.

Wazee wale wamekwisha kulala, na machimbo yamefungwa. Nimeyakumbuka sana siku hizi, hata vumbi lake. Juzi nilimwuliza mke wangu kama anaijutia kwaya. Aliendelea kukunja nguo, akasema anaijutia, tena sana, na Jumapili nyingine hutamani hata kuziba masikio wenzake wanapoimba. Akamaliza shuka, akaiweka juu ya nyingine.

"Lakini bibi yako aliomba chakula," akasema.