Injini Kwenye Masinia

Injini ya gari langu ilinoki, ikafa kabisa, nikitoka Muheza na gunia la machungwa. Mshale wa joto ulikuwa umepanda tangu mwanzo wa safari, nami nikajiambia kwamba mshale ndio mbovu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilifundisha habari za joto na kutanuka kwa vyuma kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku moja niliyotakiwa kuyatumia mafunzo yale, nilikaa nikiutukana mshale.

Lingekuwa jambo dogo kama si ahadi. Nilikuwa nimemwahidi mama mkwe wangu, anayekaa Mkwaja, mbele ya Pangani, kwamba Idd ile nitamfuata mwenyewe kwa gari langu aje kukaa nasi hapa Makorora, Tanga. Niliahidi mke wangu akisikia, simu ikiwa spika. Mama mkwe alijibu neno moja tu: "Nnakungoja."

Fundi alilitazama gari, akaifuta mikono, akanipa njia mbili. Ama injini ishushwe, ifunguliwe na kusukwa upya, ama ninunue nyingine. Nikaenda Usagara kwenye duka la spea, kwa bwana mmoja wa Kihindi ambaye babu yake alikuwa akiuza misumari kwenye duka hilo hilo. Alikuwa na injini kama yangu, iliyotumika, imekaa juu ya mbao.

"Chukua hii, mwalimu. Alhamisi unaendesha."

"Imetoka wapi?"

"Japani."

"Ilikuwa ya nani huko? Iliendeshwa vipi?"

"Mwalimu, mimi nauza injini, siozeshi."

Nilitoka pale nimekasirika. Ukweli ni kwamba niliona uchungu. Mtu aliyechora injini ubaoni kwa chaki za rangi tatu miaka yote ile, leo akanunue injini kama anayenunua nazi? Nikamwambia mke wangu kwamba nitaisuka mwenyewe.

"Umewahi kufungua injini?" akauliza.

"Nimefundisha."

"Sikuuliza hilo."

Fundi aliishusha ile injini, akaniachia uani, akaenda zake akicheka. Nilianza kuifungua siku ile ile. Kufungua, nawaambia, ni starehe. Kila nati ikilegea unajiona bingwa. Shida ni kwamba kila kipande lazima kirudi kilikotoka: pistoni hii kwenye tundu hili, bering hii upande huu, usichanganye. Nilihitaji mahali pa kuvipanga kwa mpangilio wangu. Na nyumbani kwetu, ndani ya stoo, mlikuwa na masinia.

Masinia yale si yetu. Ni ya kina mama wa mtaa, ya kupakulia pilau wakati wa shughuli, na mke wangu ndiye mtunzaji. Nilichukua saba. Sinia la kwanza silinda ya kwanza, la pili ya pili, hivyo hadi la nne, kisha mawili ya vyuma vya kichwa cha injini, na la saba lenye bolti na vikorokoro visivyo na kwao. Niliyapanga kwenye sakafu ya stoo, nikasimama mlangoni kuyaangalia. Sijawahi kuwa na somo lililopangika vile.

Idd ikapita. Mama mkwe alipiga simu siku ya pili yake.

"Injini imefika wapi, mwanangu?"

"Imefika kwenye kranki, mama."

"Kranki ni kabla ya Pangani au baada?"

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Mke wangu alitoka chumbani akachekee nje.

Kule Usagara nilikwenda mara kwa mara kununua ringi na gasketi. Yule bwana alinihudumia kama mteja yeyote. Aliniuzia, akanifungia kwenye gazeti, kisha akaigeukia ile injini yake juu ya mbao. Mara ya tatu nikaona ameiandika kwa chaki nyeupe: MWALIMU. Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ameiweka tu, isije ikachukuliwa na mtu mwenye haraka.

Sasa, kwa desturi ya mtaa wetu, chombo cha shughuli hakiombwi. Kukiwa na shughuli, kina mama wanaingia stoo, wanachukua, wanakwenda. Siku moja nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa na hitima, nami nilikuwa Usagara nikitafuta silikoni ya kuzibia injini. Niliporudi, nilivikuta vyuma vyangu uani juu ya mkeka, vinang'aa kuliko siku vilipotoka kiwandani. Kina mama walikuwa wameyahitaji masinia. Na kwa kuwa ni watu waliolelewa vizuri, hawakumwaga vitu vya watu chini. Walivisugua vyote kwa sabuni na stilwaya, wakavianika, wakavipaka mafuta ya nazi visishike kutu, kisha wakavipanga kama vyombo vinavyopangwa: vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo. Pistoni nne zilikaa pamoja mstari mmoja, wala hukujua ipi ya wapi.

"Tumekusafishia, mwalimu," mmoja wao akasema. "Vilikuwa vichafu hivyo!"

Niliwashukuru. Ungefanya nini? Mchana nikaenda hitimani, nikakalishwa na wazee watatu kwenye sinia ambalo, kwa mkwaruzo wake wa pembeni, nililitambua kuwa ni la silinda ya tatu. Mzee mmoja alitafuna, akatua, akasema pilau ya leo ina kiungo asichokifahamu. Nikamwambia labda ni iliki.

Hata hapo sikukubali. Kwa wiki nzima nilikaa mkekani na miwani yangu, nalinganisha mikwaruzo. Na hapo mkekani ndipo mama mkwe aliponikuta. Alishuka barabarani kutoka kwenye gari la samaki, akaingia uani na kikapu chake, akiwa peke yake. Niliruka, mikono yote mafuta.

"Shikamoo mama! Umekujaje?"

"Marahaba. Kwa gari la changu na tasi, hunusi?"

Niliona aibu, nikatafuta kitambaa nifute mikono. Mke wangu akamwambia sasa amekwishafika, yaliyobaki si kitu. Mama mkwe akamkazia macho bintiye.

"Nani kafika? Mie sikutaka kufika Tanga. Nilitaka kuja kuchukuliwa. Jirani yangu wa mbele mkwewe kamfuata kwa gari mpaka mlangoni, mji mzima ukaona. Mie nami nishawaambia, mkwe wangu yuwaja, ati anaiunda injini yenyewe kwa mikono yake. Nimewaaga nnakwenda Kipumbwi kwa mdogo wangu. Hapa sijafika."

Asubuhi yake nilikuwa Usagara kabla duka halijafunguliwa. Yule bwana alikuja, akafungua kufuli, akachukua kitambaa na kuifuta ile chaki bila neno. Nampa haki yake kwa hilo.

Baada ya siku nane gari likawaka kwa injini ya Usagara. Tukaondoka mimi na mama mkwe, tukapita Pangani, tukashuka pwani hadi kwenye minazi ya mwanzo wa Mkwaja. Akasema nimshushe hapo.

"Nnatangulia nyumbani kwa miguu. Soma Yasini moja, kisha uje. Na honi."

Nilisoma pole pole, nisije nikawahi. Kisha nikaingia nikipiga honi hadi mlangoni kwake. Majirani walitoka. Naye akatoka, kanga mpya, mfuko mkononi.

"Alaa! Mwanangu! Si ungesema unakuja?"

"Shikamoo mama," nikasema, mara ya pili siku ile.

Jirani wa mbele alilizunguka gari. "Ndiyo injini ile ya kuunda mwenyewe?"

Nilifungua kinywa niseme ukweli. Mama mkwe akaniwahi.

"Ndiyo hiyo. Vyuma vyake nnavijua kimoja kimoja."

Akapanda mbele, akashusha kioo mpaka mwisho, tukaondoka taratibu alivyotaka. Tulipoipita ile minazi alikipandisha kioo, akaniuliza vile vyuma nimeviweka wapi. Nikamwambia vipo stoo, ndani ya gunia, nangoja mnunuzi wa vyuma chakavu apite.

"Usimpe," akasema. "Mie nishawaambia watu umeunda. Sasa na wewe rudi ukaunde."