Kompyuta tulizouza Kariakoo ziliendelea kupiga hesabu kwa jina la marehemu mdogo wangu

Habari za asubuhi wakuu, wenye akaunti na nyie mnaosoma kimya kimya bila kujisajili.

Hii siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Majina ya watu nimebadilisha na duka silitaji, ila mengine nayaweka kama yalivyonitokea. Wenye mikono myepesi ya kutukana naomba mfike mwisho kwanza. Kuna mahali nastahili kutukanwa, na nitawaonyesha mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Nachingwea. Nauza kompyuta za mtumba Kariakoo, duka la ghorofani. Bosi wangu ni mama mmoja wa Kilimanjaro, tumwite Mama Shirima. Ni mkali, na ukali wake mwingi ni wa haki, jambo ambalo linaudhi zaidi.

Kwa wasioijua biashara hii: kompyuta ya mtumba haiuzwi kwa maneno. Mteja anataka aione imewaka mbele yake, ikae hivyo hata saa mbili, aishike ubavuni asikie joto lake, ndipo ashawishike. Anajua akishashuka ngazi, kurudisha ni kesi.

Kwa hiyo kila mashine tunaitesa kwanza. Unaiwekea programu inayoikimbiza mpaka feni inapiga kelele. Ikizima, hiyo ni ya spea. Isipozima, inapanda mezani.

Sasa ile programu ya kutesa inapiga hesabu kisha inazitupa. Inapiga, inatupa, inapiga tena. Mwenzangu wa dukani hakuwahi kuliona hilo kama tatizo. Mimi lilikuwa linanikera kila siku, na sababu yake nitaisema.

Siku moja niliuliza kwenye jukwaa la nje, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kama kuna programu bora ya kutesti. Jamaa mmoja akanijibu kwa upole sana: kwa nini usiipe mashine yako kazi ya kweli?

Akanieleza kwamba kuna wanasayansi wenye hesabu nyingi kuliko kompyuta walizonazo. Wanazikata vipande vidogo vidogo, wanawagawia watu wa kujitolea dunia nzima. Kompyuta yako ikikaa bure inachukua kipande, inakipigia hesabu, inarudisha jibu, inachukua kingine. Hulipwi hata senti. Unapewa pointi, na jina lako linakaa kwenye orodha yao.

Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Katikati ya kazi zao nikakuta moja inayohusu protini za damu.

Hapo niliacha kusoma. Nikashuka chini nikajifanya naenda kununua maji, nikasimama barabarani watu wa mizigo wananipiga vikumbo na kunitukana.

Mdogo wangu Mwanahawa alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Wenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani mnajua. Maumivu yakimshika hakuna kiungo kinachosalimika. Mama anamkanda kwa maji ya moto, mimi nimekaa pembeni sina la kufanya. Basi yeye akawa ananiambia, "Kaka, nipe hesabu."

Nampa. Mia tatu arobaini na saba mara kumi na tisa. Anafumba macho, jasho linamtoka, midomo inacheza. Akipata jibu anasema, "Nyingine."

Mimi nilikuwa nahakikisha kwa penseli na karatasi, maana kichwani siwezi. Hakuwa anakosea. Kuna siku maumivu yalipita tukiwa tumefika hesabu ya arobaini na kitu, akalala, nami nikabaki na karatasi zangu.

Alitaka awe mtu wa maabara. Alifariki akiwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa tayari Dar, na siku ile hakuna aliyempa hesabu.

Namkumbuka sana wakuu. Watu husema yanapoa. Labda kwao.

Programu iliponiuliza jina la akaunti, niliandika Mwanahawa.

Kosa langu linaanzia hapa. Dukani hatuingizi programu mashine moja moja, tutazeeka. Tuna diski moja tunaita diski mama. Ina kila kitu, tunainakili kwenye kila kompyuta inayoingia. Mimi nikaiweka programu ile humo humo kwenye diski mama, na akaunti yake ikiwa wazi, ili kila mashine ikiwashwa kutestiwa ianze kazi yenyewe. Kabla ya kumkabidhi mteja, naiondoa.

Mpango ulikuwa mzuri. Ila mnaijua Kariakoo. Mteja anakwambia funga haraka nawahi basi la Tunduma, mwingine anashusha mzigo, Mama Shirima anaita. Baadhi nilisahau.

Mimi nilikuwa nimelewa na mambo mengine. Hao wanaojitolea wana jukwaa lao, na humo watu wanaonyesha mashine walizojijengea wenyewe. Mashine zenye nguvu, prosesa kubwa, graphics card mbili mbili, feni kama za dari. Nilikuwa naangalia picha zile kama mtu anavyoangalia sahani ya jirani.

Nikaanza kujenga yangu, ya Mwanahawa peke yake. Muda wa chakula cha mchana nazunguka kwa mafundi. Kasha nililipata lina ufa kwenye kioo. Ubao wa ndani, motherboard, nikautoa kwenye mashine kubwa ya ofisi iliyokufa. Pini zake zilikuwa zimelala, nikazinyanyua moja moja kwa sindano ya kushonea, siku tatu, pumzi nimebana.

Nilipoiwasha chumbani kwangu Buguruni, feni zilizunguka zote. Nikapiga makofi peke yangu. Lakini haikuleta picha, kwa sababu prosesa za aina ile haziwezi bila graphics card, na mimi sina.

Ipo moja dukani, kwenye kabati la kioo. Kila asubuhi naipangusa vumbi. Mama Shirima anadhani ni usafi.

Basi Jumapili moja mchana, duka limefungwa, nimekaa chumbani, nikafungua ukurasa wa akaunti kwenye simu. Pointi za Mwanahawa zilikuwa zinapanda.

Niliangalia tena. Duka giza, mashine yangu haina macho, sasa nani anapiga hesabu?

Sitawadanganya, kwa dakika kadhaa niliwaza mambo ambayo mtu mzima hawazi. Na nilifurahi.

Kisha akili ikarudi. Nikafungua orodha ya kompyuta zilizounganishwa. Kumi na saba. Zote tulikuwa tumeshaziuza.

Hapa ndipo pa kunitukana. Ningeweza kuanza kupiga simu Jumatatu ile ile. Sikupiga. Nilikaa kimya wiki tatu nikiangalia jina la mdogo wangu linapanda, nikijiambia ni kazi njema, haimdhuru mtu.

Ikamdhuru. Mwalimu mmoja wa tuition kutoka Tandika alipanda ngazi zetu na kompyuta yake begani. Akaiweka mezani mbele ya bosi.

"Hii mashine yenu inanguruma hata sijaigusa," alisema. "Nikinunua umeme wa wiki, siku tatu umekwisha. Nimegombana na wapangaji wenzangu wote, mita ni moja."

Mama Shirima akanigeukia. "Ina nini?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, wa virusi. Ukagoma kutoka. Nikaeleza yote, kuanzia diski mama mpaka Nachingwea, mwalimu akiwa anasikia.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole kwa mdogo wako." Kisha akavuta daftari la wateja, lile la namba za simu kwa ajili ya garantii. "Dukani kwangu mteja haondoki na kitu asichokijua. Utawafuata wote. Mmoja mmoja, na utawaambia ukweli."

Nikaomba angalau wale wasiolalamika niwaache.

"Wote," alisema.

Nikaanza kwa ya mwalimu, pale pale. Nikamwomba radhi na nikambebea mashine hadi chini kwenye bodaboda.

Wa mikoani niliwaelekeza kwa simu, hatua kwa hatua. Mwingine alinicheka, mwingine alinitukana hadi nikaondoa simu sikioni. Wa Kigamboni nilimfuata, nikavuka kwa pantoni pale Magogoni na jua la saa saba. Wa Jangwani alinipa soda baada ya kunisema vizuri.

Kila nilipofuta, mashine moja ilinyamaza kwenye orodha. Kumi na mbili. Tisa. Nne. Nasema ilivyokuwa: nilikuwa namzika tena, kidogo kidogo, na safari hii kwa mkono wangu.

Wa mwisho alikuwa Mama Neema, mwenye stationery Buguruni, mtaa wa pili tu na ninapolala. Nilimwacha mwisho kwa makusudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna tatizo na ile kompyuta?"

Nikamweleza, nikaomba radhi, nikakaa kwenye kiti chake. Programu ilikuwa wazi, inafanya kazi, imefika asilimia sitini na mbili. Juu pameandikwa jina.

Akavaa miwani akasoma. "Huyu Mwanahawa nilikuwa namwona kila siku hapa, nikajua ni wa kwenu dukani. Ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Anasoma wapi?"

Wakuu, swali hilo nilikuwa sijaulizwa miaka mingi. Machozi yakanitoka mbele ya watu waliokuja kutoa kopi vyeti vyao.

Mama Neema hakuuliza tena. Aliwahudumia wale wateja taratibu, mmoja mmoja, akawaaga. Kisha akavuta stuli, nikamweleza. Maumivu, karatasi, penseli, "nyingine".

Alitazama ile asilimia. Ilikuwa imesogea kidogo.

"Hii hapa bado anaifanya?"

"Ndiyo mama."

"Basi usimkatize katikati."

Nikamwambia inakula umeme. Akasema mita ni yake, duka ni lake, na mchana wateja wakipungua kompyuta inakaa tu inamtumbulia macho. Jioni akifunga atazima. Nilimpunguzia nguvu ili isingurume, nikamwonyesha kitufe cha kuisimamisha. Akakijaribu mara mbili mbele yangu mpaka akaridhika.

Nilimweleza Mama Shirima kesho yake. Aliuliza, "Umemwambia ukweli wote?" Nikasema wote. Akafunga daftari.

Diski mama nimeisafisha. Mashine yangu bado ipo chumbani, haina picha, nimeifunika kanga. Graphics card bado ipo kabatini, bado naipangusa. Siku nyingine naishika muda mrefu kuliko vumbi lililopo.

Nilichojifunza ni kimoja: jema ulifanyalo kwa kitu cha mtu bila kumuuliza, bado umemwibia. Na wakati mwingine ukimuuliza atakupa. Mimi niliogopa kuuliza kwa sababu niliogopa kumpoteza Mwanahawa mara ya pili, na nikakaribia kumpoteza kwa namna mbaya zaidi.

Nawakaribisha. Wenye matusi yenu, nimeshakaa. Wenye uzoefu wa kujenga mashine, nielekezeni graphics card ya kuanzia. Na kama kuna mwenye kompyuta inayokaa bure, ya kwake mwenyewe na siyo ya bosi, aulize nimwelekeze, aweke jina la mtu wake.

Naandika nikiwa dukani, simu ipo pembeni. Tangu jana jioni namba ya pointi za Mwanahawa ilikuwa imesimama pale pale.

Sasa hivi imesogea. Mama Neema amefungua.