Siku Baba Alipokiri Kwamba Niko Hai

Baba yangu mzazi aliniacha kwa fundi wa mabati, mtaani Buyenzi, asubuhi moja, bendera ya Mbelgiji ikiwa imeshushwa juzijuzi. Nilikuwa na miaka minne, labda mitano. Homa ilikuwa imeupoozesha mguu wangu wa kulia, mama alikuwa ameshakufa, na baba, karani wa bandarini, alikuwa anaposa mke mwingine. Alimpa fundi taa iliyotoboka, akanikalisha juu ya debe, akasema atapita saa sita kutuchukua, taa na mimi.

Hakupita. Siku ya tatu fundi alimfuata bandarini, akamkuta kati ya makarani wenzake.

"Mutoto wako angali kwangu," fundi alimwambia.

"Mi sina mutoto. Wangu alikufia Uvira, kwa bibi yake. Hawa wote walikuja kunipa pole."

Makarani wakaitikia kwa vichwa. Fundi akarudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Yule bwana ameisha kumuzika. Tumulee sisi."

Hawakuwa na mtoto. Majirani walisema fundi ameingiza mkosi nyumbani. Wengine walisema ananilea ili nikaombe mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa. Mkewe, ambaye ndiye mama ninayemjua, hakubishana nao. Alinisuka, akanivalisha kitenge kipya, akanibeba mgongoni mpaka sokoni ili wanione vizuri. Fundi alikata chuma cha kitanda kibovu, akakikunja, akakishonea ngozi, akanifunga mguuni. Kilinichubua, nikalia. Akakivua, akakigonga upya. Alifanya hivyo mara nne mpaka nikasimama. Kwa mguu huo wa chuma nilikwenda madrasa, na baadaye kwa mshonaji mmoja aliyenifundisha cherehani ya mkono.

Jambo moja fundi hakuweza kunipa: jina lake. Sheikh alisema mtoto wa kulea huitwa kwa baba aliyemzaa. Basi kila asubuhi madrasa niliitwa binti wa mtu aliyetangaza nimekufa, nami nikaitikia.

Nilipofika miaka kumi na miwili fundi alinieleza yote. Hakutaka nichukie. Nilichukia, na nilichukia kwa subira. Nilijua ofisi ya yule mtu, nyumba yake, majina ya mabinti zake wawili. Niliyasema majina hayo nikiwa napiga pindo.

Nilipoposwa, mchumba akiwa fundi wa magari wa mtaani kwetu, sheikh aliniita pamoja na fundi aliyenilea. "Baba yako yu hai. Yeye ndiye walii wako, wa kukuoza. Akikataa, nitasimama mimi."

"Basi asimame sheikh," fundi akasema. "Yule umuache."

"Apana, Baba. Namtaka yeye."

Sheikh mwenyewe alimpelekea habari yule mtu, naye hakuthubutu kumkatalia sheikh. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu kuwaalika wengine: mke wa yule mtu, shemeji zake, na wale makarani. Mkewe nilimwambia tu kwamba mumewe ana shughuli kwenye harusi yangu. Alinipokea vizuri, akanipa chai.

Siku ya ndoa nilikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na mkewe nikamkalisha karibu yangu. Uani sheikh aliuliza walii ni nani. Nikasikia sauti ndogo ya yule mtu ikijibu.

"Sema kwa nguvu, Bwana, mashahidi wasikie. Binti huyu ni nani wako?"

"Ni mutoto wangu. Mi ndiye nilimuzaa."

Shemeji yake mmoja akauliza, "Yupi? Yule tuliyemulilia?"



"Ndiye," akasema.

Mkewe aliutazama mguu wangu, kisha uso. "Kila mwaka nimemusomea hitima mutoto muzima?" Akasimama, akavaa viatu, akaondoka na kaka zake kabla sahani hazijatoka. Yule mtu alibaki peke yake mkekani mbele ya pilau, na makarani wakimwangalia. Nilichungulia penye pazia nikamtazama mpaka nikashiba. Sijutii hata leo.

Lakini nyuma yake alikuwa amekaa fundi, kofia mkononi, na hakuna aliyemuuliza neno. Wageni walipotawanyika aliniambia, "Umemupiga kweli, mwanangu. Lakini na mimi nilikuwa nimekaa pale." Nilimwomba msamaha yeye, na yeye tu.

Miezi michache baadaye baba yangu mzazi alikuja kwenye cherehani yangu. Mkewe alikuwa bado kwa kaka zake, naye alitaka nikamsemee arudi. Nilikuwa nampima mteja mabega. Nikaendelea kupima, nikaandika, nikapima tena. Akasimama weee, kisha akaenda zake.

Alipokufa, mabinti zake waliniletea kitambaa cha nguo za msiba. Wao hawakunikosea kitu, kwa hiyo niliwashonea siku hiyohiyo. Wakaniuliza kama nitakuja. Niliwaambia nina kazi.