Mbavu Yenye Koko Hakutafuna

Iko siku moja yenye hainitoke mu kichwa, mwanangu, hata nikijaribu kuifukuza na kazi. Ilikuwa siku ya soko hapa Butembo, mvua ya asubuhi ilikuwa imeisha tu, na miye nilikuwa napepea mbabula yangu ya makala pembeni ya barabara, nachoma mbavu ya mbuzi, najisikia mufalme ya moshi. Nakuita mwanangu, usicheke. Najua tumepitana myaka kidogo tu, na ndevu yangu bado inajiuliza kama itaota ao hapana. Lakini mutu hazeeke na ndevu peke. Kuko kitu unaiona leo, kesho yake unaamuka muzee.

Kazi yangu ni mbavu. Masomo niliachia ku ya sita primaire, ile ingine nilisomea ku moto. Na ile wakati nilikuwa na kiburi moja: kuchemusha nyama, hapana. Batu bakiniuliza, nilikuwa nabajibu nyama ya kuchemusha ni ya hopitali. Mbavu itoke kwa muchinjaji, chumvi, pilipili, moto, basi. Inje inakuwa nyeusi, mafuta inalia juu ya makala, harufu inafika mpaka ku kanisa na inasumbua bale bako mu sala ya novena. Bavijana ba meno yote banapenda vile. Banavuta, banang'oa, banacheka.

Njo Koko akafika.

Koko ni baba ya baba yangu. Alikuwa anafuga mbuzi kule ngambo ya Mavivi, fasi muji ya Beni inaishia. Sitakueleza sana mambo ya kule. Weye mwenyewe unajua, na kama haujui, hiyo ni bahati yako. Bauaji baliingia mu kijiji wakati ya mavuno. Koko na mukaka, bibi yake, balitembea mu pori siku mbili, halafu lori moja ya mbao ikababeba mpaka Butembo. Mbuzi yote ilibaki. Koko alishuka na koti yake na fimbo yake, kitu ingine hapana. Akasimama ku mulango yangu, akaweka mukono mbele ya kinywa, akasema:

« Mugeni siku mbili, ya tatu umupatie jembe. Mujukuu, jembe yangu iko wapi? »

Nilicheka. Nilizani ni masihara. Haikukuwa masihara, mwanangu. Muzee mwenye alizoea kukaribisha batu, siku anakuwa mugeni, ile mezali inamukaa ku koo.

Wiki nzima hakukula. Buyi alionja, akarudisha. Bugali alisukuma. Alikuwa anakaa mu chumba ya mbele, juu ya kiti, anaangalia ukuta. Koti hakuvua, hata jua ikiwaka. Mukaka alianza kuogopa, na miye pia, lakini miye nikiogopa nafanya masihara, njo ugonjwa yangu. Halafu ile siku ya soko, nikiingia kuchukua chumvi, Koko akainua kichwa.

« Ile harufu ni mbavu? »

Nikasema ni mbavu, Koko.

« Niletee. »

Nyumba nzima ilipumua. Mukaka akanifuata inje. Ni mwanamuke mudogo, mukavu kama kuni, anaongea pole pole.

« Kambale, ile mbavu uichemushe kwanza. Moto kidogo, ufunike, uache mpaka mufupa ichezecheze. Kisha njo uchome. Meno ya koko yako ilibaki mu pori. Alianguka juu ya jiwe. »

« Mukaka, nikichemusha utamu yote inabaki mu maji. Unataka Koko akule nyama ao akule mvuke? »

« Nataka akule. »

« Atakula. Alipoteza meno mbili ya mbele tu, hiyo ni ya kupigia photo. »

« Kuchemusha haimalize siku. Uko na haraka ya kwenda wapi? »

Sikukuwa na haraka ya kwenda fasi. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nikachoma vile nilijua. Mbavu tatu, nyeusi, inangaa. Koko akapokea sahani na mikono mbili, vile bazee banapokea kitu ya heshima. « Aksanti, mujukuu. Rudia ku kazi, batu banakungojea. » Nikarudia. Kisha wakati kidogo nikaenda kuangalia: sahani tupu. Hata mufupa moja hapana. Mufupa ilienda wapi? Hiyo ni swali ya mutoto ya primaire ya kwanza, na miye sikuiuliza. Nikapeleka sahani ku jikoni, nikamuonyesha mukaka kama mutoto mwenye anaonyesha bulletin ya masomo.

« Unaona, mukaka? Ufizi ya Koko ni ya chuma. »

Mukaka aliangalia ile sahani wakati murefu. Mwanangu, mutu mukubwa akikunyamazia, usizani umeshinda.

Siku ya pili nikachoma tena mbavu tatu. Siku ya tatu vilevile. Kila mara sahani tupu, kila mara « aksanti, mujukuu ». Na kila siku ile koti ya Koko ilikuwa inaonekana kubwa zaidi. Muganga ya hopitali alikuja kumuangalia, akasema ni uchovu, alishwe muzuri. Nikamujibu na kifua mbele: anakula mbavu tatu kwa siku. Muganga akaandika vile nilisema.

Siku ya ine, asubuhi, Koko hakuamuka.

Ku sisi banaume njo banaosha mwanaume. Tulikuwa babili, miye na jirani. Tukamuvua koti, na koti ilikuwa nzito. Mu mifuko ya ndani tukakuta mbavu, yote, imefungwa mu karatasi ya cahier ya masomo, mafungu tatu, kila siku na fungu yake. Sisimizi balikuwa bamefika. Nikachukua mbavu moja. Ile weusi ya inje ilikuwa imelambwa, chumvi imenyonywa mpaka nyama ikakuwa nyeupe, lakini fasi yenye jino ilipita, hapana, hata moja. Jirani akafungua kinywa ya Koko pole pole juu ya kumuosha. Nilizani meno mbili njo ilianguka. Mbili njo ilibaki.

Nikatoka na ile karatasi mu mikono. Mukaka alikuwa amekaa chini, ku mukeka.

« Ulijua? »

« Nilijua siku ya kwanza, wakati sahani ilirudi bila mifupa. Nikamuuliza. Akanikataza kukuambia. Alisema: mutoto ananipikia na furaha, na tunalala kwake. Mukimbizi haseme chakula ni ngumu. »

« Ungenipigia kelele, mukaka. »

« Nilikuambia. Kinywa wazi, muchana, mbele ya moto yako. Kisha nikakuwa kati ya kiburi mbili, ya kwake na ya kwako. Ya kwake ilikuwa na sababu. »

Sisemi mbavu njo iliua Koko. Koko aliuawa na ile pori, na ile mbuzi alisikia inalia nyuma yake, na myaka. Lakini kitu ya mwisho aliomba mu dunia hii, ni miye nilimunyima, huku najisifu namupatia. Hiyo nalala nayo, naamuka nayo.

Siku ya matanga, bazee ba kijiji yake, bote bakimbizi hapa Butembo, bakakuja kukaa na sisi. Mukaka akaniita. « Sasa chemusha. » Nikaweka mbavu mu sufuria, maji ya kuifunika tu, kitunguu, tangawizi, chumvi kidogo. Mukaka akakaa karibu, na kila mara nikitaka kuongeza makala, ananigonga mukono na mwiko. « Maji itetemeke, isiruke. » Tulikaa vile mpaka jua ikahama upande. Nikakamata mufupa moja na vidole, nikaizungusha, ikageuka yenyewe ndani ya nyama. Njo nikaitoa, nikaacha ikauke, nikapaka pilipili, nikaipitisha juu ya moto, ishike rangi tu. Supu nikagawa mu vikombe.

Bazee bakapokea sahani, na kabla ya kuonja, niliona mikono inaanza kuelekea ku mifuko. Niliona na hii macho yangu, mwanangu. Karibu mikono yote.

Mukaka akasimama mbele yao, akafungua kinywa, akaonyesha ufizi yake. « Mutoto anajua hatuna meno. Amechemusha. Kuleni bila haya. »

Bakakula. Muzee moja akaninyooshea kikombe. « Ongeza ile maji. » Ile maji yenye nilikuwa nasema inaiba utamu. Nikaongeza.

Donc, mwanangu, ukiniuliza kama mbavu inachemushwa mbele ya kuchomwa, nitakujibu: uliza kwanza nani atakula. Mbuzi kidogo, kijana wa meno yote, choma tu, Mungu atakusamehe. Mbuzi nzee, mutu muzee, chemusha, na usiseme uko na batu banangoja. Na mwenye amekimbia kwake, akiingia kwako, usimuulize kama chakula ni tamu. Mutu wa heshima atasema ni tamu, hata umupatie jiwe. Muulize kama anaweza kutafuna. Tena usimuachie sahani na kwenda. Kaa pembeni yake, kula naye, mpaka uone koo inameza. Balisema mwenye hasikie mukubwa anavunjika muguu. Miye miguu yangu iko mizima. Ni ya mwingine njo ililipa, na hiyo balisahau kuiweka mu mezali.

Siku hizi, ku mbabula yangu, kila muzee namuuliza meno yake iko namna gani. Moja alikasirika. « Weye ni muchomaji ao ni dokteri? » Nikamuambia: Papa, niko muchomaji mwenye aliisha kuzika mutu. Akaniangalia kidogo, kisha akafungua kinywa.

Mungu akuachie meno yako myaka mingi, mwanangu. Na siku itaanguka, ianguke na uzee, hapana na jiwe ya njia. Na ile siku akupatie mutu hana haraka, mwenye atakaa karibu na moto kidogo kwa ajili yako, mpaka nyama iachie mufupa.