Asidi Isiyo ya Ndimu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kirungu, milimani juu ya Ziwa Tanganyika, shefu wa labo, yaani mkuu wa maabara, alinikalisha mbele ya sentrifuji ya mkono, mashine ya kuzungusha damu mpaka maji yake ya njano yajitenge.

"Zungusha mpaka nikuambie acha," alisema, akatoka kunywa chai.

Nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu. Nilizungusha mpaka bega likawaka moto.

Baridi ya Kirungu niliipenda, lakini mimi si mtu wa kukaa pahali pamoja. Niliomba kuhamishwa Kiambi, ambako tulipima malaria na minyoo kwa darubini moja, kisha Kalemie. Hapo ndipo nilipoanza kupima asidi ya yuriki, takataka inayobaki katika damu mwili ukishavunja vyakula kama nyama na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Figo zisipoitoa vizuri, inaganda kwenye viungo, na kidole gumba cha mguu kinavimba. Huo ni jongo; watu waliuita ugonjwa wa wakubwa, wenye vyeo na pesa.

Papa Selemani, muuza ndagala, alifurahi nilipompa karatasi yake ya majibu.

"Sasa na mimi ni mukubwa! Sokoni watanisalimia kwa heshima."

"Papa, asidi yako iko juu sana."

"Najua. Tangu muuguzi aliponitajia asidi juma lililopita, sigusi ndimu."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba asidi hii si ya ndimu, na kwamba apunguze ndagala. Akaondoka akichechemea.

Mchana daktari mkuu alisoma daftari langu, akaniita.

"Huyu Selemani alipimwa presha?"

"Dokta, ni kidole tu. Na presha ni kazi ya wauguzi."

"Asidi hii ikipanda, mara nyingi presha na ugonjwa wa moyo haviko mbali. Kama ni yenyewe njo inaharibu moyo, ao inatembea tu na vinavyouharibu, wenye elimu wangali wanabishana. Sisi tusingoje wamalize. Muntu mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa bandarini, anasafiri kwenda Moba akakae huko miezi kadhaa. Nilipanda pikipiki, mashine ya presha mapajani. Nilimkuta botini, ameketi juu ya magunia yake, injini inanguruma.

"Muganga, unakuja kupima presha ya ndagala?" mbeba mizigo mmoja aliniuliza, na wenzake wakacheka.

Nilimfunga Papa Selemani kitambaa mkononi. Nilipima mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini namba ilivyokuwa juu.

"Papa, shuka."

"Na mali yangu?"

"Mali itafika Moba. Wewe, sijui."

Alinitazama, akatazama magunia, kisha akamkabidhi nahodha mzigo wote na kunipa mkono nimshushe. Jioni hiyo alianza dawa.

Niliacha kazi mapema, kabla sijafika hamsini. Miguu yangu iliishiwa nguvu. Ninyi mnaoanza kazi ya labo leo mna mashine zinazotoa namba zenyewe. Namba ya asidi ikiwa juu, ulizeni presha kabla mgonjwa hajafika mlangoni.

Kila nikipita Kalemie, humkuta Papa Selemani sokoni, analalamika.

"Vidonge kila siku, na moyo wangu haujaniuma hata mara moja!"

"Hiyo njo kazi ya vidonge, Papa," namwambia.