Mtoto Aliyeacha Kulia

Siku aliyoletwa Uwase bado naiona, mwanangu, ingawa ni zamani, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana aliyetoka Tanzania na wazazi wake, nikijifunza kushona kwa shangazi yangu Mwamini hapa Gisenyi. Mwanamke muuza samaki kutoka Nyamyumba aliingia kibandani na mtoto wa kike, labda wa miaka miwili. Mama wa mtoto alikuwa rafiki wa shangazi. Watu wenye silaha walivamia kijiji chao usiku, na asubuhi majirani wakamkuta mtoto amelala juu ya kifua cha mama yake aliyekufa.

Alikuwa halii. Alianguka mlangoni, goti likachanika, akaketi kuitazama damu kama ya mtu mwingine. Wateja walimsifu. "Mutoto muzuri huyu, hasumbui!"

Shangazi hakufurahi. Aliniambia, "Huyu si muzuri, huyu amechoka kuita. Aliita mama yake usiku muzima, hakuitika. Sasa mi ndiye nitaitika."

Akaitika kweli. Alimfunga mgongoni kwa kitenge na kushona hivyo hivyo, ameinama. Mtoto akigeuza macho tu, shangazi anamwambia, "Niko, mama, niko." Usiku alimlaza ubavuni pake. Miezi ilipita. Kisha siku moja shangazi alikwenda sokoni, na Uwase akapiga kelele hadi fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anachinjwa. Nilimbembeleza nikashindwa. Shangazi aliporudi na kuzisikia kelele zile, aliangusha kapu akamkumbatia, anacheka na kulia pamoja.

"Ananililia! Umesikia? Ananililia mimi!"

Sikuelewa furaha ile. Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima.

Baba mdogo wa mtoto, ndugu wa marehemu baba yake, akaja kutoka Goma. Alikuwa mtu wa heshima, wala sidhani alikuwa na nia mbaya. "Bon, tunakushukuru, mama," alisema. "Lakini huyu ni damu yetu. Iko mudogo, atasahau."

"Muache hata mwaka moja," shangazi alimsihi. "Amenizoea sasa tu. Ukimutoa, unamuulia mama mara ya pili."

Wazee wa mtaa wakasema mtoto ni wa upande wa baba. Tulimsindikiza hadi Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, katikati ya akina mama na mabeseni yao ya nyanya. Uwase aliking'ang'ania kitenge cha shangazi, na yule bwana akamwachanisha kidole kimoja kimoja. Walipofika ng'ambo, kelele zilikatika ghafla. Shangazi alisimama pale mpaka askari akamwambia aondoke.

Baba mdogo naye maisha yalimshinda. Mtoto akapelekwa kwa dada wa bwana huyo, kisha kwa mke wa zamani wa kaka yao mwingine, nyumba yenye pombe na vipigo. Kila nyumba ilimlisha, ndiyo. Walipochoka naye wakamrudisha kwetu, sasa msichana wa kwenda shule. Mlango ukipigwa na upepo, anaingia chini ya meza na kujikojolea. Darasani hakushika kitu. Macho yalikuwa dirishani, masikio kwenye hatua za watu. Mwalimu alimwita mjinga. Shangazi alijaribu tena kumkumbatia, Uwase akawa mkavu kama ubao.

"Nilikuwa nimefika naye karibu," shangazi aliniambia siku moja, macho yake yakiwa kwenye nguo aliyoshona. "Karibu sana."

Alikufa na uchungu huo. Uwase, wakati huo mtu mzima anayeishi kwake, alikuja mazishini, akasimama kando na uso mkavu, akaondoka bila kuaga.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifumbulia jambo hili. Alisema ubongo wa mtoto mdogo bado unajengwa, na unajengwa na mtu anayekuja kila anapoitwa. Mtu huyo asipokuja, au akibadilishwa kila mara, ubongo unajifunza kitu kimoja tu, kungoja hatari. Ukikua hivyo, kuubadilisha ni kazi ya miaka, na wengine hawaipati nafasi hiyo.

Sasa Uwase ana mtoto. Mtoto akilia, anamtazama kwa mbali kama mzigo wa abiria mwingine. Si ukatili, mwanangu. Hajui la kufanya, maana naye alinyimwa. Mimi hupita mchana kumbeba yule mdogo, lakini mimi nina nyumba yangu ya kutunza, na jioni narudi kwangu. Sioni kama inatosha.

Ndiyo maana nakusihi, ukija kulea mtoto. Usidanganyike kwamba mdogo hakumbuki. Hakumbuki kwa maneno, lakini mwili wake wote unakumbuka. Mtoto aliyenyamaza kupita kiasi, mwogopee, umkaribie. Akiwa amempata mtu wa kumlilia, usimtoe mikononi mwake kwa sababu ya ukoo wala heshima ya watu. Na aliyekwisha kuvunjika usimwite mjinga. Kaa naye, hata usipoona matunda.

Mungu akupe mikono isiyochoka mapema. Akujalie nyumba ambamo mtoto akilia, mtu anainuka. Na wale tuliochelewa kuwafikia, awafikie Yeye. Amina.